Mstari wa Pamba

Mwaka 2006 mji wetu wa Nakaloke, Uganda, ulisoma kwa taa ya chemli. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepungua sana, mitambo ya umeme ya Jinja haikupata nguvu ya kutosha, na umeme ukawa wa zamu, leo kwetu, kesho kwa wengine. Sisi tuliojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS tulikutana baada ya Isha katika chumba kilicho nyuma ya duka, kando ya barabara iendayo Kumi. Tulikuwamo wauguzi, walimu, na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Nkoma, kila mmoja akiwa na fomu ya safari yake mfukoni.

Insha haikututisha. Kilichotutisha ni ile kazi ya kwanza ya sehemu ya kuandika: unapewa grafu, jedwali au ramani, uieleze kwa dakika 20, kwa maneno yasiyopungua 150. Sema kilichopanda, kilichoshuka, kilichotulia, linganisha, toa sura ya jumla. Maoni yako hayatakiwi, wala sababu isiyokuwamo kwenye mchoro.

Vitabu vya mazoezi vilijaa watalii na treni za London. Mwalimu wetu akaviweka pembeni, akachora ubaoni mstari wa pamba ya Uganda. Ulipanda hadi karibu marobota 470,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ukaporomoka. Tukaanza kuusoma kwa sauti, kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine.

Mlangoni alikaa mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba. Alikuja kwa ajili ya mazungumzo tu. Mstari ulipofika chini akauliza, "Mwalimu, mbona imeanguka?"

"Mzee wangu, hapa hawaulizi sababu."

"Basi wanauliza nini?"

Hakungoja jibu. Akatueleza habari za mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa na vinu vikabaki bila mafundi wala vipuri. Akaeleza jinsi mkulima alivyopeleka magunia yake, akapewa karatasi badala ya pesa, akangoja miezi, na msimu uliofuata akapanda mahindi, chakula cha watoto. Tulisikiliza mpaka chemli ikaanza kutoa moshi. Sijapata kusikia grafu ikielezwa vizuri kuliko usiku ule, na mtihani usingempa mzee yule hata alama moja kwa sababu zake.

Hata hivyo sikuichukia kazi ile, ilinifunza kutazama. Siku za ramani mwalimu alitutuma tuzunguke mji mchana, tuandike ulivyokuwa na ulivyo sasa. Nakaloke tulizoea kusema upande wa mlima, upande wa Mbale, upande wa Kumi. Ramani ilidai mashariki na kaskazini. Nilisimama njia panda nikaona mambo niliyopita mbele yake tangu utotoni: maduka yalivyoisogelea barabara, nyumba zilivyoingia mashambani, bodaboda zilivyojipangia kituo chini ya mti. Tuliandika kwamba shamba liligeuzwa makazi, kwamba jengo lilifungwa. Nani aligeuza, nani alifunga, hatukuandika. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo nikisoma ripoti za maendeleo zilizoandikwa hivyohivyo.

Mtihani ulikuwa Kampala. Basi lilipovuka bwawa la Jinja nilichungulia dirishani: kando ya maji mawe yalikuwa wazi, na alama ya kina cha zamani ilionekana juu yake. Chini ya alama ile mtu angeweza kuandika habari za mvua iliyokosekana na maji yaliyofunguliwa kupita kiasi, lakini mawe yalionyesha kipimo tu.

Kwenye chumba cha mtihani niliandika kilichopanda na kilichoshuka, nikahesabu maneno, nikafunga. Kwenye basi la kurudi nilitoa daftari langu lenye ule mstari wa pamba. Pembeni mwake, kwa Kiswahili, nikaanza kuandika maneno ya mzee, kuanzia mwaka 1972, na maswali niliyotaka kumuuliza nikifika: nani alipima pamba, bei ilitangazwa na nani, na ile karatasi ya mkulima ilikuja kulipwa lini.