Mguso Mmoja, Magunia Mawili

"Kaka, mimi nimegusa mara moja tu." Binti aliyekuwa karani wa mizani aliniambia hivyo mara tatu, Jumamosi moja ya mwezi Novemba, mbele ya viongozi wa chama cha msingi cha ushirika, na mara zote tatu sikumwamini. Ushuhuda huu nauandika kwa sababu ya maneno yale.

Mimi ni mtoto wa Chidya. Korosho ndiyo iliyonisomesha, na nilipojifunza kutengeneza tovuti nilitaka kazi yangu ya kwanza iwafae watu wa nyumbani. Tangu mwaka 2007, stakabadhi ghalani ilipoingia kwenye korosho huku Mtwara, mkulima halipwi papo hapo anapopima. Anaondoka na karatasi, anasubiri mnada. Kilo zilizoandikwa ndizo jasho lake la mwaka mzima. Basi nikawatengenezea ukurasa: karani wa mizani anajaza jina, kilo na daraja, kisha anagusa kitufe cha Tuma. Katibu naye anaingiza za kwake kwenye kompyuta ya ofisini.

Wiki ya tatu hesabu zikagoma. Gunia la kilo 80 lilikuwa limeingia mara mbili kwa mkulima yule yule, na ghalani lipo moja. Maingizo ya katibu yalikuwa safi. Yaliyojirudia yote yalitoka kwenye simu ya karani. Msimu wa korosho, mtu akishatamka "kilo hewa", neno hilo halirudi mdomoni. Binti akasimamishwa. Mjomba wake, aliyemdhamini, akaacha kuja ofisini. Na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kwamba mfumo hauna tatizo, maana nilikuwa nimeujaribu siku nzima kwenye kompyuta yangu, kwa kipanya.

Usingizi ulinipaa. Usiku wa nne nikafungua kumbukumbu za seva, nikaanza kupanga yale maingizo mawili mawili na saa zake. Jozi ya kwanza ilipishana kwa sehemu tatu hivi za kumi za sekunde. Ya pili vilevile. Nikaendelea hadi ya ishirini, pengo ni lile lile. Nilisimama, nikatoka nje, nikakaa kizingitini. Mkono wa mtu haulingani hivyo. Leo anagusa haraka, kesho amechoka, anachelewa. Kinacholingana hivyo ni mashine.

Kosa lilikuwa mistari yangu miwili. Kidole kikigusa kioo, kivinjari hutoa tukio la mguso kuanza, kisha la mguso kuisha. Halafu, kwa ajili ya kurasa zilizoandikwa zamani kwa watu wa kipanya, hutoa pia tukio la kubofya. Mguso mmoja, taarifa mbili. Mimi nilikuwa nimeambia kitufe kitume data mguso unapoisha, na kitume tena kikibofywa. Kwenye kompyuta ya katibu hakuna mguso, kwa hiyo kilibofywa tu, likaingia gunia moja.

Kwa nini niliweka yote mawili? Nilifuata ushauri wa zamani. iPhone ya mwaka 2007 ilikuwa ikingoja kama milisekunde 300 baada ya mguso, ione kama mtu atagusa tena ili kukuza ukurasa, na simu nyingine zikaiga. Watengenezaji wakakimbilia tukio la mguso ili kukwepa ucheleweshaji huo. Chrome iliuondoa mwaka 2014 kwa kurasa zilizopangwa kwa upana wa simu, Safari ikafuata 2016. Simu ya yule binti, kuukuu, kioo kimepasuka pembeni, bado ilikuwa inangoja. Pengo nililoliona usiku ule ndilo hilo.

Marekebisho yalichukua asubuhi moja. Nilifuta tukio la mguso, nikabakiza kubofya, kunakoitikia kidole na kipanya sawasawa. Kitufe kikazimika mara tu kinapotumika, na kila upimaji ukapewa namba yake, hata ukija mara mbili seva inapokea mmoja. Safari hii nilijaribu kwa simu za watu, nimechuchumaa kando ya mizani.

Kisha nikaenda kwa mjomba wake. "Shikamoo mjomba." Akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Akasema, "Ulimwaibisha mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

Nikasema, kwenye mkutano wa wanachama, nimesimama pale pale aliposimama yule binti. Nilisema kosa ni langu, nikaonyesha zile jozi ishirini. Katibu akampa binti simu. Akajaza kilo 80, akagusa mara moja. Ukaja mstari mmoja. Wazee wa mbele waliinama kuutazama, mmoja akauliza kama ungekuja mwingine, tukasubiri wote kimya. Haukuja.

Akamrudishia katibu simu, akaenda kuketi karibu na mjomba wake. Chama kilimwomba arudi kazini. Msimu huu kwenye mizani yupo karani mwingine.