Ukitaka saladi tamu, panda hadi Njabini

Ukitaka kula saladi tamu, msomaji, kwanza vaa sweta. Najua si mwanzo uliouzoea katika kurasa za mapishi, lakini safari ninayokupeleka leo inaishia Njabini, Kinangop Kusini, ambako asubuhi mtu hutoa mvuke mdomoni kama birika, na mgeni hukaribishwa jikoni kabla ya sebuleni kwa sababu moto uko jikoni.

Nilikwenda huko Jumamosi moja nikiwa na deni, na halikuwa deni la fedha.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ana shamba lake karibu na Njabini. Huniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Mtoto anayeitwa mama na shangazi yake hupata heshima nyingi, na akikosea, kosa lake pia huonekana kubwa. Mimi nilikosea Disemba 2017, tulipokuwa na karamu ya binamu yangu aliyefuzu chuo kikuu. Nilijitolea kuleta saladi. Nikatengeneza mayonezi kwa mkono wangu: viini vya mayai mabichi, mafuta ya kupikia na maji ya limau. Nikaichanganya na kabeji na viazi, nikaitia katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, nikaipakata ndani ya matatu kutoka Nairobi. Magari yalisongamana Kangemi, yakasongamana tena Rironi, kisha ndoo ikakaa chini ya hema mchana kutwa tukingoja wageni wa heshima wamalize hotuba zao.

Usiku ule nusu ya ukoo haikulala. Shangazi alilazwa siku 2 akitundikiwa maji. Daktari alituuliza tulikula nini, na tulipomtajia mayai mabichi hakuuliza jambo jingine.

Shangazi hakunikemea. Afadhali angenikemea. Tangu siku ile kila nilipomtembelea alipika mwenyewe, akapakua mwenyewe, na chakula chochote nilichobeba kutoka mjini alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakifungia kabatini. Sikuwahi kuona kabati lile likifunguliwa.

Basi safari hii sikubeba chakula. Mkobani nilikuwa na vitu vitatu tu: chupa ya siki nyeupe, kopo dogo la haradali ya unga, na nusu kilo ya sukari. Vilivyosalia vyote, nilijua ningevikuta njiani au zizini kwa Shangazi.

Matatu zinazopanda huko huanzia Nyamakima, na ukibahatika utapata kiti cha dirishani. Kitafute, kwani njia hii ni ya kutazamwa. Ukishapita Rironi, hapo barabara ya Mai Mahiu inapojitenga na kushuka, wewe unazidi kupanda. Majani ya chai ya Limuru yanakuwa mazulia ya kijani pande zote mbili, hewa inabadilika, na abiria mmoja baada ya mwingine wanafunga madirisha. Unapita Uplands, unapita Kimende. Mahali fulani upande wa kushoto ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaliona Bonde la Ufa na mlima Longonot umekaa katikati kama chungu kilichovunjika mdomo. Halafu inakuja miti ya Kinale, na baada yake ndipo utasikia utingo akiita, "Soko Mjinga! Kuna wa Soko Mjinga?"

Jina lisikudanganye. Mjinga hapa ni yule anayepita bila kushuka. Kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru, wachuuzi hupanga kabeji kubwa kuliko vichwa vya watoto, karoti zilizooshwa zikang'aa, viazi ndani ya ndoo vilivyolimbikizwa hadi juu kama mlima, minji, na msimu ukifika plamu na pea pia. Gari lolote likipunguza mwendo huzingirwa. Mama mmoja mwenye kitambaa chekundu alinionyesha kabeji akaigonga kwa vidole kama anayebisha mlango. "Sikia," akaniambia. "Iliyojaa hujibu." Na kweli ilijibu. Hilo ndilo somo la kwanza la saladi: kabeji iwe nzito kuliko unavyoitarajia, majani yamebanana, na ukiigonga isitoe sauti ya debe tupu. Karoti chagua za wastani, kwani zile kubwa sana huwa na moyo mgumu kama mti.

Nilimuuliza kama wateja wake wa Nairobi huila mbichi. Akacheka. Alisema wengi huikaanga na vitunguu na nyanya, basi, na watoto wao huisukuma kando ya sahani. Saladi, alisema, ni ya hoteli. Nikanunua kabeji 2 na fungu la karoti, akaniongeza karoti 3 kwa sababu nilimsikiliza.

Maneno yake yalinikaa moyoni hadi Flyover, ambako gari huacha barabara kuu na kushika njia ya Njabini. Saladi ni ya hoteli! Kabeji imelimwa hapa, karoti hapa, ng'ombe anakamuliwa hapa na kuku anataga hapa. Kinachoifanya iwe ya hoteli ni ile chupa tu ya sosi nyeupe, tamu na chachu, ambayo dukani bei yake huzidi ya kabeji kadhaa. Na ukisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa za aina hiyo, aghalabu utakuta maji, mafuta, siki, sukari, wanga, mayai na haradali. Hamna siri. Wazungu wenyewe walianza kuipika majumbani kabla ya kuuziwa. Huko Marekani kampuni ya Kraft ilipozindua Miracle Whip katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1933, wakati uchumi umeanguka na watu hawana fedha, ilichofanya ni kuchanganya mayonezi na sosi ya kale ya kupikwa, ili bei ishuke. Ile ya kale, ya kupikwa sufuriani, ndiyo niliyokuwa nikiitaka mimi. Ndani yake yai haliachwi bichi.

Njabini ni mji mdogo wenye baridi kubwa. Nyuma yake safu za Nyandarua zimejifunika wingu, na si mbali kuna bwawa la Sasumua, ambalo maji yake husafirishwa hadi Nairobi. Huenda chai uliyokunywa asubuhi ya leo, msomaji, ilianza safari yake huko. Nilipofika, Shangazi alikuwa amekaa jikoni juu ya kigoda, akichambua mboga. Akanitazama mimi, kisha mkoba.

"Maitu, umeniletea ile nyeupe tena?"

"Hapana, tata. Nimekuja tuipike hapa hapa, wewe ukiona."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaondoa sufuria ya chai motoni.

Hebu sasa nikueleze tulivyofanya, nawe ufuate nyumbani. Tafuta bakuli litakalokaa vizuri juu ya sufuria ya maji bila kugusa maji. Shangazi alitoa bakuli la enameli alilolipata enzi za arusi yake. Usitumie sufuria tupu ya alumini kwa kazi hii, kwa maana siki huila na sosi hupata ladha ya chuma. Ndani ya bakuli tia vijiko 4 vya mezani vya sukari, vijiko 2 vya mezani vya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha haradali. Ni haradali ile ile ambayo punje yake imetajwa katika Injili; ikisagwa huwa unga wa manjano unaowasha pua. Changanya vikiwa vikavu. Kisha mimina maziwa baridi kidogo kidogo, ukikoroga, hadi upate uji laini usio na madonge. Maziwa yote yawe robo tatu ya kikombe. Mwisho tia viini 2 vya mayai, ukoroge tena.

Mayai aliyachukua mwenyewe kibandani, bado yana joto. Alipovunja la kwanza na kunipa kiini, mkono wake ulisita. Nikamwambia kwamba viini hivi vitapita motoni, na kwamba vijidudu vilivyotulaza siku ile hufa joto likifika kama nyuzi 71 za selsiasi. Akauliza nitajuaje joto limefika bila kipimo. Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu sosi. Jibu ni kwamba unga na yai vitakuambia vyenyewe. Maji yakitokota chini ya bakuli, koroga kwa mwiko wa mti bila kuacha, ukifika pembeni na chini kabisa. Kwa dakika kadhaa hutaona lolote, utadhani umeharibu. Halafu ghafla mwiko unakuwa mzito. Hapo usifurahi ukaepua. Endelea hadi sosi iupake mwiko, na ukichora mstari kwa kidole mgongoni mwa mwiko mstari ubaki, na ladha ya unga mbichi iwe imekwisha kabisa. Nairobi yaweza kuchukua dakika 10. Kinangop ongeza kidogo, kwa kuwa huko juu maji huchemka yakiwa na kama nyuzi 92 tu, hivyo mvuke wake hauna ukali wa mvuke wa Mombasa.

Usiogope yai kukatika. Ule unga hulilinda. Yai peke yake lingegeuka vipande, lakini likiwa na wanga huvumilia moto zaidi.

Sasa siki, robo ya kikombe. Hapa nilimwachia Shangazi mwiko nami nikamimina, na kwa haraka ya kutaka kumfurahisha nikamimina nyingi kwa mara moja. Vikatokea vidonge vyeupe. Nilisimama nimeshika chupa, nikaona miaka yangu yote ya kutafuta msamaha ikigeuka jibini. Shangazi hata hakuniangalia. Alisema, "Chujio la chai liko pale," akaendelea kukoroga. Tulichuja, sosi ikawa laini kama hariri. Kwa hiyo wewe mimina siki kijiko kwa kijiko, na chujio liwe karibu. Rudisha bakuli juu ya mvuke dakika 2, kisha epua, utie vijiko 2 vya mezani vya siagi na ukoroge hadi iyeyuke. Itang'aa. Ionje: utamu wa sukari unatangulia, uchachu unafuata, haradali inakuja nyuma. Kama watoto wako wanapenda tamu zaidi, ongeza sukari sasa ikiwa bado moto.

Iache ipoe kabisa kabla ya kuichanganya na chochote. Tuliiweka dirishani, ambako upepo wa Kinangop hufanya kazi ya friji bila bili ya umeme. Wakati huo nilikata kabeji nyembamba kama nyuzi, nikaparuza karoti 2. Kabeji ioshe jani kwa jani kabla ya kuikata, maana italiwa mbichi. Sosi ihifadhi katika friji ndani ya chupa safi, nayo itakaa hadi juma moja. Kama huna friji, pika ya kutosha mlo mmoja, na kinachobaki usikilaze. Hata iliyopikwa, usiipakate ndani ya matatu ukaipeleka karamuni kukaa juani. Ninajua ninachosema.

Tulipokaa kula kulikuwa na viazi vilivyochemshwa, maharagwe, na bakuli langu la saladi katikati ya meza. Watoto wa binamu yangu waliivamia bila kuuliza. Shangazi alijipakulia viazi na maharagwe. Nikatazama sahani yangu. Sikutaka anione nikimwangalia.

Kisha nikasikia kijiko kikigonga enameli. Hakuchukua kabeji, alisema meno yake hayana ugomvi na kabeji mbichi siku hizi. Alikuwa amelivuta lile bakuli la sosi iliyobaki, akatia vijiko 2 juu ya viazi vyake, akaviponda kwa uma, akala. Akaongeza kijiko cha tatu.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani. Mkoba wangu ulikuwa mzito kuliko nilivyokuja: viazi, lita 2 za maziwa, na mayai 10 yaliyofungwa kwa gazeti. Sukari alikuwa amenirudishia iliyobaki. Matatu ilipotokea nikaanza kutafuta kopo la haradali na chupa ya siki, sikuviona.

"Hivyo viko kabatini," Shangazi akasema. "Ukija Pasaka uniletee siki nyingine. Hiyo haitafika."