Mkono wa Mwalimu na Unga wa Ngano

Uzee una dalili zake, na watu wa pwani na wa bara wamezoea kuzipokea: mvi, goti linalouma, jicho linaloomba miwani. Lakini yapo maradhi yanayojivika vazi la uzee ilhali si uzee. Mojawapo ni yale ambayo tabibu wa London, James Parkinson, aliyaandikia kijitabu mwaka 1817. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, na uso hukauka kana kwamba umesahau kucheka. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoratibu mwendo wa mwili, hufa polepole, na hadi leo haijapatikana dawa ya kuzifufua.

Katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru, ambako migomba hutia kivuli kahawa na nyumba pia, yupo mwalimu mstaafu aliyeonja maradhi hayo. Kwa miaka mingi aliwatungia majirani mashairi ya arusi na ya maombolezo, akiyanakili mwenyewe kwa mwandiko wa duara uliosifiwa kijiji kizima. Ugonjwa ulianza kwa kumwibia mwandiko ule. Mshororo ulianza kwa herufi za kawaida, ukaishia kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, hata kituo cha ubeti kisisomeke. Wapo waliosema ni pombe. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema amerogwa. Naye hakuwa mnywaji, wala hakuwa na ugomvi na mtu.

Wenzake si haba. Katika Wilaya ya Hai, jirani ya Meru upande wa Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson miongoni mwa wakazi 161,071, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 walieleza kuwa waliwapata 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la kinachowasumbua. Asiyejua jina la adui yake hupigana na kivuli.

Mwalimu alipokwisha kupata jina na vidonge, mwanawe anayeishi mjini Arusha alipanda mlimani na habari mpya: baba aache ngano. Amesikia kwamba gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai inayoufanya unga uvutike, ndiyo inayochochea mtetemeko. Tangu siku hiyo mkate ukaondolewa mezani, na chapati zikawa mwiko.

Habari hiyo ina asili yake. Willem Dicke, tabibu wa watoto wa Uholanzi, aliona katika njaa ya mwaka 1944 na 1945 kwamba watoto wenye maradhi ya seliaki walipata nafuu mkate ulipoadimika, na wakaugua tena uliporejea. Kwa wagonjwa hao gluteni ni adui wa kweli, nayo huweza kuwadhuru hata mishipa ya fahamu. Mwaka 2014, madaktari wa Italia walieleza habari za mtu mwenye dalili za Parkinson aliyegundulika kuwa na seliaki iliyojificha. Alipoacha gluteni, dalili zake zilipungua mno. Lakini huyo ni mtu mmoja, tena mwenye seliaki. Hakuna utafiti mpana uliothibitisha kwamba kila mwenye Parkinson atapona mtetemeko kwa kuiacha ngano. Anayeshuku kuwa ana seliaki hana budi kupimwa kabla ya kuacha mkate, maana kipimo huweza kudanganya mwili ukishaisahau gluteni.

Lililo la ajabu ni kwamba jiko la wazee wa Meru halikuitegemea ngano. Lilisimama juu ya ndizi, mahindi, ulezi na maziwa. Na loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, haina gluteni hata chembe. Hata pwani, kitumbua na mkate wa kumimina ni wana wa mchele. Kwa hiyo mwalimu hakuhitaji unga wa bei kubwa kutoka ng'ambo. Alichokosa ni chapati ya Krismasi, na chapati ile si unga tu: ni kuketi pamoja na wajukuu na kula wanachokula.

Siri yenyewe haikuwa katika ngano. Levodopa, dawa kuu ya maradhi haya, hupita katika mlango uleule wa utumbo unaopitisha chembe za protini, na wageni wakiwa wengi mlangoni, dawa husubiri nje. Mwalimu alikuwa akimeza kidonge chake katikati ya bakuli la loshoro, au baada ya sahani ya makande yenye maharagwe. Vyakula hivyo visivyo na gluteni ndivyo vilivyokuwa vikishindana na tiba yake. Muuguzi alipomuuliza anakula nini na saa ngapi, jambo likafunguka. Akashauriwa ameze dawa kwa maji nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula, asiikatize ghafla, na asiache maziwa wala maharagwe, kwani mwenye Parkinson hukonda upesi.

Mtetemeko haukwisha, lakini dawa sasa humfikia kwa wakati. Mtunzi aliyeishi kwa kuhesabu mizani hakuona taabu kuhesabu dakika. Asubuhi hungoja miguu ilegee na vidole vitii, kisha huandika ubeti mmoja au miwili kwa herufi kubwa, kabla mkono haujaanza tena safari yake. Mwanawe naye hakulaumiwa, kwani aliyekosea kwa mapenzi amekwisha kusamehewa. Chapati zimerudi mezani siku za sikukuu, na mzee huikata yake taratibu, kwa mikono miwili.