Kidonge Kimoja kwa Siku, Miaka Mitano

Leo hakuna vichekesho. Wale mnanifuata kwa sababu ya stori za matatu na mwenye ploti, nivumilieni kidogo. Leo ni kuhusu mathe, na kidonge kimoja kidogo ambacho karibu kitukosanishe.

Mamangu ni fundi wa nguo. Ana miaka 58. Vidole vyake ndivyo vilinilipia karo, kutoka nasari mpaka chuo. Miaka miwili iliyopita, akioga, alishika titi la kushoto akahisi uvimbe. Mengine mnayajua, kwa sababu familia nyingi hapa Kenya zina stori kama hii. Vipimo. Grupu ya WhatsApp. Harambee, na yule mjomba aliyeahidi elfu kumi akaleta maombi. Upasuaji. Kemo, nywele zikaisha. Mionzi, nywele zikaanza kurudi, laini kuliko za kwanza.

Siku ya mwisho ya mionzi tulipika pilau. Majirani wakajaa, pasta akaomba, mimi nikapiga video nikaandika "Tumeshinda." Nyinyi wenyewe mliisambaza hiyo video kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa. Wiki hiyo hiyo grupu ya harambee ikafungwa. Kila mtu akarudi kwa shughuli zake, na wa kwanza nilikuwa mimi.

Kitu hakuna mtu alipigia makofi ni ile pakiti aliyotoka nayo kliniki. Anastrozoli, miligramu 1, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Niliiona juu ya friji nikadhani ni dawa ya presha.

Sasa, miezi kadhaa baadaye, nilikuwa natafuta sindano nishone kifungo cha shati. Nikafungua droo ya cherehani. Nikapata pakiti mbili za hiyo dawa, zimejaa, hazijaguswa. Tarehe za duka la dawa zilikuwa juu yake. Nikapiga hesabu: mathe hakuwa amemeza kitu kwa karibu miezi miwili.

"Mama, mbona hizi zimejaa?"

Akanyamaza. Halafu akasema, polepole: "Si mliambia watu nimepona? Sasa nameza dawa ya nini? Na zinaniua vidole."

Akanionyesha mikono. Asubuhi vidole vinakaza kama kuni, lazima aviloweke kwa maji moto ndiyo vikunjike. Mkasi haushikiki. Magoti yanauma akikanyaga cherehani. Usiku joto linampanda ghafla, anatupa blanketi, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nimeona akikataa oda za yunifomu nikadhani ni uchumi. Nilikuwa nimemsikia akifungua dirisha saa nane usiku nikadhani ni joto la mabati.

Naona aibu kusema kilichofuata. Nilimpigia kelele. Mtu mzima, aliyenizaa, nikamfokea kama mtoto aliyemwaga maziwa. Alichukua pakiti zake akaingia chumbani.

Siku tatu hatukuongea vizuri. Siku ya nne nikamwomba msamaha, nikamwomba pia nimsindikize kliniki. Hapo ndipo nilijua jinsi sikuwa najua chochote.

Acha nieleze nilivyoelewa. Saratani ya matiti si moja. Wakikata kile kinyama cha uvimbe wanakipima kuona kama seli zake zina vipokezi vya homoni. Nyingi huwa navyo, na ya mathe ilikuwa hivyo. Kwa saratani ya aina hiyo, estrojeni ni chakula.

Nikauliza: lakini mathe aliacha kupata hedhi kitambo, estrojeni inatoka wapi? Muuguzi akacheka, akasema hilo ni swali zuri. Kumbe ovari zikistaafu, mwili haufungi duka kabisa. Tezi ndogo zilizo juu ya figo bado zinatoa homoni nyingine, na kuna kimeng'enya kinachoitwa aromatesi, kilicho kwenye mafuta ya mwili, kwenye misuli, hata kwenye titi lenyewe, ambacho huzigeuza kuwa estrojeni. Ni kidogo, lakini seli za saratani haziringi. Anastrozoli huzuia hicho kimeng'enya. Ni kama kufunga maji pale kwenye mita. Tamoksifeni, ambayo wengi wameisikia, haifungi mita. Inaenda kuziba mfereji, yaani kile kipokezi kilicho kwenye seli.

Ndiyo maana dawa hizi za kufunga mita hupewa wanawake waliokoma hedhi. Kwa mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi hazitoshi peke yake, kwa sababu ovari zina uwezo wa kuzishinda. Kwa hivyo dawa ya mathe si ya kugawia shangazi au dadako.

Na kwa nini miaka mitano? Kwa sababu upasuaji unatoa kinachoonekana. Seli chache zinaweza kujificha, na saratani ya aina hii inajua kusubiri, inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo yaliyojumlisha wanawake zaidi ya 30,000 waliokuwa wamekoma hedhi. Waliotumia dawa za kuzuia aromatesi kwa miaka mitano, wachache zaidi kati yao walikufa kwa saratani ya matiti kuliko wale waliotumia tamoksifeni, na tamoksifeni yenyewe ni dawa iliyookoa wengi. Hiyo ndiyo kazi ya kile kidonge cha juu ya friji.

Lakini sikilizeni upande wa mathe pia, kwa sababu mimi sikuusikiliza. Maumivu yake hayakuwa uvivu wala ukosefu wa imani. Estrojeni ndiyo hulinda mifupa, na ikipungua sana mifupa hukonda na viungo huuma. Daktari hakumgombeza. Alimwambia maumivu ya viungo ni kati ya sababu kubwa zinazofanya wanawake waache dawa hizi, na kwamba kuna njia: mazoezi, dawa za maumivu, au kubadilisha. Akampa letrozoli, iliyo ya familia ile ile, kwa sababu mwingine mwili wake hukataa hii ukakubali ile. Akamtuma pia apimwe uzito wa mifupa, akamwandikia kalsiamu na vitamini D.

Yote hayo yalikuwepo miezi miwili mapema. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi vijana, na mimi mwenyewe nikiwa mbele. Tunajua kuchangia upasuaji. Tunajua kuvaa fulana za pinki kila Oktoba. Lakini nani huitisha harambee ya mwaka wa tatu wa vidonge? Nani hupiga video ya mama akiloweka vidole saa kumi na mbili asubuhi? Na neno lenyewe, kukoma hedhi, tunaona haya kulitamka mbele ya mama zetu, eti ni mambo ya wanawake. Haya yangu ilikuwa karibu inigharimu mama.

Siku hizi jioni tunatembea pamoja mpaka stendi na kurudi. Mwanzoni nilikuwa nahesabu vidonge kila Jumapili. Akanishika. Akaniambia, "Wewe kijana, usinihesabie dawa kama askari. Niulize tu nimelalaje." Kwa hivyo nauliza. Siku nyingine anasema vizuri, siku nyingine anasema vibaya, na akisema vibaya mara nyingi tunampigia kliniki kabla hajafungua ile droo.

Maumivu yamepungua, hayajaisha. Mwezi uliopita alichukua oda ya yunifomu za kwaya, ya kwanza tangu mwaka jana. Asubuhi bado ni ya maji moto. Mkasi ni baada ya saa nne.

Tumebakisha miaka mitatu na miezi. Kama mathe wako au shosho wako ana pakiti kama hiyo mahali, leo mpigie. Usianze na dawa. Anza na vidole.