Safari Yetu ya Dodoma

Siku ya Ijumaa, mwezi wa Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, wanafunzi arobaini wa Kidato cha Nne tulipanda basi mbele ya shule yetu mjini Iringa, kwenda kuyaona makao makuu ya nchi yetu. Baridi ilikuwa kali, na kila mtu alijikunyata ndani ya sweta lake. Mimi nilikuwa na furaha na hofu pamoja. Furaha, kwa kuwa sikuwa nimepata kufika Dodoma. Hofu, kwa kuwa baba yangu anakaa Nzuguni, nami bwenini nilikwisha kujisifu kwamba yeye ni mtu mkubwa wa serikali.

Baada ya mwendo wa saa moja hivi tulianza kuteremka mlima Nyang'oro. Lo! Barabara imejipinda kama nyoka, upande mmoja jabali, upande wa pili bonde. Hata wapiga kelele wa nyuma walinyamaza. Tulipofika chini joto likatupokea, sweta zikavuliwa, na mibuyu ikaanza kuonekana huku na huku.

Huko Mtera barabara hupita juu ya ukuta wa bwawa. Mwalimu wetu wa Jiografia alitueleza kwamba maji ya Ruaha Mkuu yaliyozuiwa pale huendesha mitambo ya megawati 80, kisha huteremka mpaka Kidatu yakaendeshe mingine ya megawati 204. Maji yale yale hufanya kazi mara mbili! Tulikula perege wa kukaanga, tukaendelea na safari.

Dodoma tuliiona sanamu ya Mwalimu Nyerere katika bustani yenye jina lake, Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, na majengo ya Bunge. Mwalimu alisema kuwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na sheria ya kuutangaza mji huo kuwa makao makuu ilipitishwa mwaka 2018. Nikahesabu: miaka 45. Kumbe hata serikali huchukua muda kuhama.

Jioni tulikwenda kulala Nzuguni, upande wa mashariki wa mji, kando ya barabara iendayo Morogoro. Tulipokuwa tukinawa mikono, mtu mmoja aliingia uani akikokota baiskeli. Viatu na nywele zake vilikuwa vyeupe kwa saruji, na kwenye usukani alikuwa ametundika mfuko wa zabibu. Nilimtambua mara moja.

Rafiki yangu mmoja akamwita, "Mzee, zabibu bei gani?"

Baba alinitazama. Aliniona nimeinamisha kichwa. Akajibu kwa upole, "Si za kuuza, kijana wangu. Nimemletea mtu." Hakusema ni nani. Alisimama kidogo, kisha akaanza kuigeuza baiskeli.

Mgongo wake ndio ulionishinda. Nilimkimbilia nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Baba!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akaniamkia pia kwa Kihehe, "Kamwene," kama tulivyozoea nyumbani. Sikuwa nimemwona kwa miaka miwili. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kumwamkia. Yule rafiki yangu alikuja wa mwisho, akaomba radhi. Baba akamjazia zabibu viganjani.

Kesho yake tulikwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ambako majengo ya kwanza ya wizara yalizinduliwa mwaka 2019. Baba alikuwa juu ya jukwaa la mbao, akipiga lipu. Wenzangu walimwona kabla yangu, wakampungia mikono, naye akatupungia mwiko. Basi, nusu ya majivuno yangu ilikuwa kweli: kazi ya baba iko serikalini, ila ofisi yake ni upande wa nje wa ukuta. Bwenini sasa wananiita "Mtoto wa Wizara", nami naitika.

Wenzetu wa Kidato cha Tatu watakaokwenda mwakani wasisahau sweta. Ama zabibu zangu, ziliisha kabla hatujafika Mtera.