Propela Iliyopimwa kwa Mizani ya Chai

Boito nilikokulia, spea ya gari ilisifiwa kwa uzito wake. Propela ya lori la majani ya chai ilibebwa na watu wawili, na ikiwa mmoja aliweza kuiinua peke yake, watu walianza kuishuku. Walikuwa na sababu. Barabara za kwenda vituo vya kununulia majani zilikuwa za udongo mwekundu, na huku Konoin mvua haikawii kurudi. Lori lililojaa likikwama kwenye mteremko, taniboi alitupa mawe na matawi chini ya tairi, dereva akatia gia ya kwanza, na nguvu zote za injini zikapita kwenye propela, bomba moja la chuma kutoka giaboksi hadi kwenye difu. Tairi lililokuwa likiteleza liliposhika ghafla, kilichokuwa dhaifu kilikatika. Mara nyingi ilikuwa krosi, kile kiungo cha ncha ya propela.

Fundi wetu, ambaye kila mtu alimwita Mzee, alikuwa na banda la mabati nyuma ya maduka. Likizo za shule nilishinda pale nikimshikia tochi. Kabla ya kulegeza bolti yoyote alichora mstari wa chaki kwenye propela na kwenye flenji ya difu, ili irudi vilevile ilivyotoka. Uma za ncha mbili za bomba lazima zikae sambamba. Moja ikipinda kidogo tu, gari litatetemeka hata ukiweka krosi mpya. Halafu alitoa klipu, akagonga vikombe vikatoka, akafuta kila kimoja kwa kitambaa. Ndani ya kikombe huwa mna sindano nyembamba za chuma zimejipanga duara. Mzee alizigandisha kwa grisi nzito, kwa ncha ya kidole, bila haraka, kwa kuwa sindano moja ikilala, kikombe hakiingii na ukilazimisha unaharibu kila kitu. Ufundi wa injini niliuona kwa wengi, lakini mkono ule kwenye krosi sijauona tena.

Kisha zikaja Subaru. Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo Impreza zilizotoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilianza kufika kwetu miaka michache baadaye, zikiwa bado na nguvu zao. Hamu ya magari ya mashindano ilikuwepo tangu zamani. Joginder Singh, dereva wa kwanza kushinda Safari Rally mara tatu (1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer), alizaliwa Kericho, na wazee wetu walimtaja kama jirani. Sisi wa rika la baadaye tulikuwa na Patrick Njiru na Impreza yake, na ushindi wa Subaru katika Safari za 1996, 1997 na 2000. Mdogo wangu aliponunua Impreza WRX ya 2003, nyumbani hakuna aliyeuliza kwa nini.

Gari lile lilikuwa na mvumo. Likifika kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya Litein, sakafu ilianza kunguruma chini ya miguu. Mzee alilala chini yake, akashika propela kwa mikono miwili, akaitikisa. Ni ya vipande viwili, na katikati inashikwa na senta beringi iliyokaa ndani ya mpira. Mpira ulikuwa umepasuka.

Nilimuuliza kwa nini kiwanda kisitumie bomba moja tu. Kwa mwendo wa kilomita 120, tairi la gari dogo huzunguka kama mara 1,000 kwa dakika, na propela huzunguka mara tatu na nusu hadi karibu nne zaidi, kulingana na difu. Bomba refu na jembamba likizungushwa hivyo hutaka kupinda katikati na kuanza kucharaza, na kadiri lilivyo refu ndivyo linavyocharaza mapema. Ndiyo maana linakatwa vipande viwili. Njia nyingine ni kulinenepesha, lakini la chuma likinenepa linaongeza uzito. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, kwa hiyo bomba lake linaweza kuwa nene kwa kipenyo, likawa kipande kimoja, na bado likawa jepesi. Wenye fedha zaidi hutumia nyuzi za kaboni. Nissan GT-R ya 2007 ilitoka kiwandani na propela ya namna hiyo.

Mdogo wangu aliagiza ya alumini kutoka nje kwa bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa. Ilipofika alimpelekea Mzee.

"Mzee, hebu ishike."

Mzee aliishika kwa mkono mmoja, akaigonga kwa kucha, akasikiliza. "Hii ni ya baiskeli, kijana."

Ubishi ulitupeleka kituo cha majani, kabla lori halijafika. Karani alizitundika propela zote mbili kwenye ndoano ya mizani, moja baada ya nyingine. Ya zamani ilipita kilo 10; mpya haikufika 6. Akauliza kama apunguze uzito wa gunia.

Wauzaji wa spea hizi huahidi nguvu, na mimi siwaamini. Kilo 5 kwenye gari la zaidi ya kilo 1,300 ni kidogo, tena uzito wa propela uko karibu sana na mhimili wake. Tairi na rimu nyepesi zingesaidia zaidi. Kilichobadilika ni kwingine. Mvumo ulikwisha, kwa kuwa mpira na beringi ya katikati havikuwepo tena. Na ulipokanyaga mafuta kutoka kwenye kona, gari liliondoka bila ule mshtuko mdogo wa vyuma kusubiriana. Mzee aliliendesha hadi Mogogosiek na kurudi, akazima injini, akasema tu kwamba limenyamaza.

Hata hivyo hofu yake ilikuwa na msingi. Jiwe la murram ambalo lingeacha mkwaruzo kwenye chuma linaweza kubonyeza alumini, na bomba lililobonyea limepoteza balansi na sehemu ya nguvu zake. Kulichomelea upya bandani hakuwezekani kwa vifaa vyake, na kubahatisha kitu kinachozunguka mara 4,000 kwa dakika kando ya kiti cha dereva ni kujitafutia msiba.

Kwa hiyo waliafikiana. Mvua ndefu zinapokaribia, Mzee anarudisha ile ya chuma, yenye senta beringi mpya. Mwezi wa Juni, ambao hadi 2023 vijana walifunga safari kwenda kutazama Safari Rally, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia huko Naivasha mwaka 2021, anaifunga ya alumini. Chaki bado ni ileile. Ufundi anatoza mara zote mbili, na siku hizi baiskeli haitaji tena.