Kontroli boksi haikuwa imekufa

Leo siandiki kuhusu barafu wala bei ya pweza. Mwezi huu wamenipigia simu wenye boti watatu, wote na swali moja: fundi amesema kontroli boksi ya mashine imekufa, je, wanunue nyingine? Kila mmoja nimemsimulia kisa hiki. Ni kisa kinachoniaibisha kidogo, lakini naona heri nikiandike mara moja mkisome wote.

Kuna kikundi hapa Kilwa kinachonunua pweza Songo Songo na kuwaleta bara. Zamani walikuwa na mashine ya kuchanganya oili na petroli, ile ambayo ukivuta kamba inawaka hata kama huna betri. Mimi ndiye niliyewashauri waiache. Niliwapigia hesabu ya petroli kwenye daftari, wakakubali, wakanunua mashine iliyotumika ya nguvu za farasi 60, ya kisasa, isiyochanganya oili. Mashine hizi zina kompyuta ndogo inayoamua petroli iingie kiasi gani na plagi ipige cheche wakati gani. Kompyuta hiyo ndiyo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi.

Kitu ambacho sikuwaambia, kwa sababu na mimi sikukifikiria, ni kwamba mashine nyingi za aina hii haziishi bila umeme wa volti 12 ulio safi. Pampu ya petroli ni ya umeme. Injekta ni za umeme. Kompyuta yenyewe ni ya umeme. Umeme ukiyumba hata kwa kufumba na kufumbua, mashine inazima.

Ikazima, wakati wa kusi, siku za bamvua, wakitoka kisiwani na pweza kilo 180. Nahodha alisema ilizima kama mtu aliyefunga ufunguo: haikukohoa, haikupungua nguvu, ilikata tu. Mashua iliyokuwa ikipita iliwavuta hadi Masoko, wakafika usiku barafu imeshakuwa maji. Pweza wale hakuna mnunuzi aliyewataka.

Fundi akaitwa. Alifungua kifuniko, akageuza ufunguo, skrini haikuwaka, pampu haikulia, akasema, "Kontroli boksi imekufa hii." Hakuwa na kipimo chochote mkononi. Kikundi kilikuwa na akiba ya kununua friza. Wakakaa kikao, wakaniita, mwenyekiti akaniuliza, "Bwana Samaki, wewe ndiye mtaalamu wetu, unasemaje?" Nikasema wanunue. Nilisema hivyo nikiwa sijagusa hata waya mmoja. Stashahada yangu ni ya uvuvi. Umeme wa mashine tuliupitia juu juu, na siku ile niliona aibu kusema sijui. Boksi iliyotumika ikaletwa kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 2,400,000. Ikafungwa. Mashine ikawaka mara moja, watu wakapiga makofi.

Ilifanya kazi wiki mbili.

Safari iliyofuata ya bamvua nilikuwemo, nilikuwa nakwenda kuangalia vipimo vya pweza kisiwani. Tulikuwa watu saba. Hatujafika nusu ya njia, ikakata vilevile. Boti ikageuka ubavu, maji yakaanza kuingia. Nahodha, mzee aliyekulia kwenye mashua za tanga, alifunga ndoo mbili kwa kamba ndefu akazitupa mbele ili omo lielekee mawimbi, ndipo tukaacha kuyumba vibaya. Katibu wa kikundi, dada aliyekuwa amebeba zile hela mwenyewe kwenda kununua boksi, alinitazama. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Nahodha akaenda kwenye ufunguo, akageuza, akaachia, akageuza tena. Kisha akaniita. "Bwana Samaki, tazama skrini. Nikipiga starta inazima, nikiachia inarudi. Boksi gani hii inayokufa na kufufuka?"

Akafungua sanduku la betri, akamwambia kijana autikise waya mweusi mnene. Kijana alipoubana kwa mkono, starta ikazunguka na mashine ikawaka. Alikaa ameushika waya ule hadi tukarudi Masoko. Kila alipobadilisha mkono mashine ilishtuka.

Kesho yake nilikwenda Nangurukuru kumtafuta fundi umeme wa malori. Hajawahi kufungua mashine ya boti. Alikuja na testa ya kupimia volti na balbu moja ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili. Hapa nitaeleza taratibu alivyofanya, maana ndiyo njia ninayowaelekeza watu siku hizi.

Kwanza alipima betri ikiwa imepumzika, vijiti vya testa vikigusa vichwa vya risasi vyenyewe na siyo kibanio cha waya. Ilisoma 12.5. Betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo, ya 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12.0 usiipeleke baharini. Kwa hiyo betri ilikuwa nzuri. Wengi wetu tungeishia hapo, tukaona umeme upo.

Yeye akasema betri hupimwa ikiwa kazini. Akachomoa klipu ya kamba nyekundu ya usalama, ile nahodha anayojifunga mkononi, ili mashine izunguke bila kuwaka (mashine nyingi hukubali hivyo, chache hukataa hata kuzunguka), akahakikisha gia iko huru, akamwambia nahodha apige starta. Kwenye betri volti zikashuka hadi 11.2. Hiyo ni sawa. Ingeshuka sana chini ya 10 tungeilaumu betri. Kisha akapeleka vijiti kwenye mashine yenyewe, pale nyaya nene zinapoingia. Starta ikapigwa tena: 8.7.

Volti mbili na nusu zilikuwa zinapotea njiani. Skrini ilikuwa inazima kwa njaa, na kompyuta nayo ni hivyohivyo.

Akatafuta zimepotelea wapi. Kijiti kimoja juu ya kichwa cha hasi cha betri, kingine kwenye boliti safi ya mwili wa mashine, starta ikapigwa. Waya mzuri utasoma karibu na sifuri. Ukizidi nusu volti una tatizo. Sisi tulisoma 2.1. Upande wa chanya ulisoma 0.4, wa kusafisha tu. Ugonjwa ulikuwa kwenye ethi.

Tukafungua. Juu ya kichwa cha hasi kulikuwa na vikuku vitano vya nyaya vimepandana kama chapati: wa pampu ya kutolea maji, wa taa, wa redio, wa kuchajia simu, na juu kabisa wa mashine, vyote vimebanwa na nati ya masikio ambayo unaikaza kwa vidole. Nati ya namna hiyo haimudu mtikiso wa mawimbi ya kusi. Alipoukata mpira wa waya wa mashine, shaba ndani ilikuwa imekuwa unga wa kijani mpaka urefu wa kiganja. Kwa nje waya ulionekana mzima kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini boksi "mpya" ilifanya kazi wiki mbili. Fundi wa kwanza, ili aifunge, alifungua nyaya za betri na kuzikaza upya. Mashine ilipona kwa spana. Ile milioni mbili na laki nne haikuponya kitu.

Dawa ilikuwa waya mpya mnene, wa shaba iliyopakwa bati kwa ajili ya maji ya chumvi, kikuku kilichobanwa kwa koleo lake, nati yenye mpira ndani inayokazwa kwa spana, na girisi juu baada ya kukaza. Waya wa mashine ukawekwa chini kabisa, umegusa risasi. Vile vidogo vikahamishiwa kwenye kibao chake chenye fyuzi. Waya wa nyumbani haufai kazi hii hata kama ni mnene. Starta ilipopigwa, kwenye mashine tulisoma 10.9. Ikawaka, na kwenye betri ikasoma 14.1, maana yake inachaji. Ukiona inabaki 12 na kitu wakati mashine inanguruma, chaji haifiki. Kisha fundi akasema, "Sasa rudisheni ile boksi yenu ya zamani." Tukairudisha. Ndiyo iliyomo mpaka leo.

Ile balbu nayo ina somo lake. Testa inaweza kukuambia kuna volti 12 hata kama waya umebakiwa na unywele mmoja wa shaba, kwa sababu testa haili umeme. Balbu inakula. Ukiunga balbu mwisho wa waya wa kulishia ikawaka hafifu wakati testa inasema 12, waya huo umeoza. Itumie kwenye nyaya nene na za fyuzi tu. Usiiguse kwenye nyaya nyembamba za sensa, utaiua kompyuta kweli.

Je, kontroli boksi haifi kabisa? Inafa, lakini mara nyingi sisi ndio tunaiua: kuchomoa betri mashine ikiwa inanguruma, kugeuza chanya na hasi, kuchomelea boti ya bati au aluminiamu bila kuondoa nyaya za betri, kuosha mashine kwa maji ya presha kifuniko kikiwa wazi. Kabla ya kuihukumu, fuata njia ya umeme hatua kwa hatua. Washa ufunguo usikilize: pampu ya petroli hulia sekunde chache halafu inanyamaza. Isipolia, angalia fyuzi, na usiiangalie kwa macho tu, ipime. Angalia rilei kama inapiga "tak". Angalia klipu na swichi ya kuzimia. Kwenye mashine nyingi swichi hiyo huzima kwa kuugusisha waya kwenye ethi, kwa hiyo maji ya chumvi yakiingia ndani inazima mashine yenyewe bila mtu kuvuta kamba. Nimeshaona mbili za hivyo.

Kama taa ya onyo inamweka, hesabu mimweko na muda kati yake, uandike kabla hujachomoa betri, kisha utazame kitabu cha mashine. Na mashine ikipunguza mwendo yenyewe huku inapiga king'ora, hiyo siyo kompyuta kuharibika, inajilinda. Tazama kama inakojoa maji vizuri na kama oili ipo.

Jambo moja linawachanganya hata mafundi wazuri. Kompyuta hutoa volti 5 kwa ajili ya sensa. Sensa moja ikipata shoti, au waya wake ukichubuka na kugusa chuma, volti hizo 5 zinaanguka kwa sensa zote na kompyuta inaonekana maiti. Zima ufunguo, chomoa sensa moja, washa, pima kama 5 zimerudi. Zisiporudi zima uchomoe inayofuata. Ukimaliza sensa zote, chanya na hasi za kompyuta ni nzuri, na bado 5 hazipo, hapo nitakubaliana na fundi wako kuhusu boksi. Mwambie akuonyeshe namba kwenye testa. Fundi anayejua kazi hakasiriki kuonyesha. Na asitoboe mpira wa waya kwa sindano ili apime, maana kitobo hicho ndicho mlango wa chumvi.

Wenye pikipiki mpya, matrekta na pampu za kumwagilia zenye kompyuta, haya yanawahusu pia, ingawa ninyi mkizimikiwa mnasukuma tu.

Pesa haikurudi. Duka lilisema vifaa vya umeme vikishafungwa havirudishwi, na risiti ilisema hivyohivyo. Nilikwenda kwenye kikao cha kikundi nikasema mbele ya wote kwamba niliwashauri bila kupima. Mwenyekiti alisema yamepita. Katibu akasema kwake hayajapita mpaka friza inunuliwe, na nadhani ana haki. Boksi ile ya Dar es Salaam bado iko kwenye kasha la kikundi, imefungwa kwenye mfuko wa sukari. Kama kuna mwenye mashine ya aina hiyo ambaye amepima kila kitu na kweli ya kwake imekufa, anitafute, kikundi kitamuuzia kwa bei ya maelewano.

Testa nimenunua yangu kwa shilingi 15,000. Ipo ofisini kwenye droo, anayetaka kuazima aje na betri yake nimfundishe kusoma, ila airudishe kabla ya bamvua.